Tanga Begani, Njia ya Mokoto

Kalembe, Jumatatu tarehe 6 Juni 2022

Shangazi Adelaïde mpendwa,

Leo naanza na kiapo: nitakuandikia kila kitu kama kilivyo, hata yale ambayo Mama hapendi yafike kwako Kitshanga. Ukigundua nimekuficha jambo, usinijibu tena.

Sisi ni wazima. Antena ya simu iliyo juu ya kilima bado haifanyi kazi, ndiyo maana tumerudi kwenye kalamu. Barua hii analeta Kanyamibwa, yule motari wa pikipiki mwenye koti la njano anayekuja huko siku za soko. Ukimpa chai atakudanganya sana, lakini barua hapotezi.

Habari yenyewe ni hii. Mwalimu Léopold ametuchagua, mimi na Thacienne, twende kwenye Mashindano ya Taifa ya Vijana ya Mashua za Tanga. Mwaka huu hayafanyiki Ziwa Kivu. Yatakuwa Mokoto, karibu nawe, tarehe mbili Julai. Mashua tutapewa huko kwa kura, lakini tanga kila timu inakuja nalo.

Thacienne tunakaa naye benchi moja. Kwao ni ng'ambo, upande wa Walikale, baba yake ni mwindaji. Yeye anashika usukani, mimi nashika kamba ya tanga. Utauliza tumejifunza wapi, maana Kalembe hakuna ziwa. Tumejifunza kwenye bwawa la samaki la Papa Munyakazi! Mwalimu alifunga mbao juu ya mabidoni matupu ya mafuta, akasimamisha mti wa mkaratusi, na tanga tukashona kwa bashi, lile turubai jeupe wanalopewa watu waliokimbia vita. Tukianza tu kwenda, tumefika ukingo, tunageuka. Papa Munyakazi anakaa hapo na fimbo.

"Muko munaogopesha samaki yangu! Zitakonda mbele ya Noeli!"

"Papa, sisi hatugusi samaki."

"Nani alikuambia samaki inaogopa kuguswa tu? Na wewe, ukiona kivuli ya mulima inatembea juu ya kichwa yako, utakula?"

Sasa lile ambalo Mama hapendi niandike. Jumapili, wakati wa komunyo, risasi zililia upande wa barabara ya Mweso. Padre hakuikatiza misa. Alinyanyua sauti tu, na sisi tukanyanyua zetu, mpaka wimbo ukawa kelele. Tangu siku hiyo usiku nalala na viatu.

Papa amesema neno moja, halirudii: "Dada yangu njo anajua ile mashindano, aliikimbiaka na mashua. Akisema muende, mutaenda. Akikataa, basi."

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Nieleze mashindano haya yalitoka wapi, maana Papa anadhani labda ni mchezo wa Mwalimu tu. Na uniambie kama njia inapitika. Nataka kwenda, Shangazi. Naogopa pia. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mtoto wako,
Falone Uwingabire


Kitshanga, Jumapili tarehe 12 Juni 2022

Falone, binti wa kaka yangu,

Kanyamibwa amekunywa chai na kuniapia kwamba bwawa la Munyakazi lina mamba. Nilimwamini kwa muda wa kumeza mate.

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye cherehani, mteja akasubiri suruali yake mpaka akachoka. Mpe Papa yako jibu hili: si mchezo wa Mwalimu. Mashindano yalianza 1987, kwenye ile ghuba ya Ziwa Kivu iliyo chini ya Sake. Mwaka wa kwanza walishindana wavulana wa ufukweni peke yao. Sisi wa Ngungu tulisimama juu ya majabali tukatazama vitambaa vyeupe vikizunguka kama vipepeo. Tulirudi nyumbani bila kusemezana, kwa wivu.

Kisha mtu mmoja katika waandaaji akasema kwamba taifa si ufukwe tu. Ndipo ikatungwa ile sheria mnayofuata mpaka leo: mashua zitolewe kwa kura, kila timu ije na tanga lake. Mtoto wa mlimani hawezi kushusha mashua kutoka Ngungu. Tanga anaweza.

Wasichana waliingia 1990. Nilikuwa na Léontine, jirani yetu. Tanga letu tulilishona kwa mifuko ya unga, maandishi ya kinu yakabaki katikati, makubwa, mekundu. Mwamuzi alipotuona akauliza:

"Batoto, hiyo nguo mumeleta ya kufua?"

Léontine akamjibu: "Hapana Papa, tumeileta ya kulowesha."

Na tuliilowesha kweli. Tulishika nafasi ya mwisho, ukiacha wale waliozama. Lakini mwaka uliofuata tulikuwa wa nne, na wasichana wengine walikuja kutoka Masisi, Kalehe, mpaka Uvira.

Kuhusu njia, nikueleze mwaka wa 1993. Vita ilikuwa imeingia Masisi, kila kona vijana walikuwa wameangusha mti barabarani. Wazazi walikataa. Sisi tukaenda. Tulikunja tanga juu ya mti wake, tukalifunga kwa nyuzi za migomba, tukalibeba begani, mmoja mbele, mwingine nyuma, wazi kabisa. Kwenye kila bariere walisema: "Hao ni batoto ya mashua, muwaache." Wa upande huu walisema hivyo, na wa upande ule vilevile. Tanga lilikuwa karatasi yetu ya kupitia.

Ilipofika 1996 mashindano yakakatika, kama mambo mengi. Ndiyo maana siku niliposikia yamefufuliwa nilifunga duka nikalala, nikalia kidogo, nikaamka nikafungua duka.

Mimi mwenyewe sijapita njia ya Kalembe tangu mwaka jana, muulizeni Kanyamibwa. Lakini nasema mje. Msifiche tanga kwenye gunia, maana anayeficha anatafutwa. Libebeni begani kama sisi. Mje mapema, mlale kwangu, mzoee ziwa la kweli kabla ya siku yenyewe.

Shangazi yako,
Adelaïde


Kalembe, Jumatatu tarehe 20 Juni 2022

Shangazi mpendwa,

Tunakuja! Tutaondoka Alhamisi alfajiri na mama wanaokwenda soko la Mweso. Kanyamibwa alikataa kutubeba: "Na huo muti? Pikipiki yangu haiko lori." Atabeba barua hii tu, na mfuko wetu wa nguo.

Sasa kiapo changu kinaniuma. Papa hasomi vizuri siku hizi, macho yake yana ukungu, kwa hiyo nilimsomea barua yako mimi. Alicheka pale pa kulowesha. Alipenda sana ile habari ya 1993, akaniomba niirudie, akasema, "Adelaïde hakuogopaka kitu." Nilimsomea yote isipokuwa mstari mmoja. Ule unaosema hujapita njia hii tangu mwaka jana.

Akauliza: "Na barabara ya sasa, anasema nini?"

Nikasema: "Anasema tuje."

Sikudanganya, uliandika hivyo. Lakini uso wangu ulipata moto. Mama aliniangalia kutoka jikoni, akaendelea kuchambua maharage.

Kanyamibwa tulimuuliza kama ulivyoagiza. Alijibu, "Bariere ziko, lakini ni batu ya kuzoea." Thacienne akamuuliza wao ndio wamezoea sisi, au sisi ndio tumezoea wao. Kanyamibwa hakufanya mzaha kama kawaida yake. Aliwasha pikipiki.

Tanga liko tayari. Mwalimu ametuandikia namba ya timu katikati kwa rangi nyeusi, saba, kubwa ya kuonekana kutoka mbali. Bibi yake Thacienne alilirushia maji kwa mdomo, ndivyo wanavyobariki nyavu za kuwindia kwao msituni. Mama naye alilisalia rozari. Thacienne anasema sasa hata tukikosa upepo litakwenda.

Tukilifunga na kulibeba, linakaa begani vizuri kabisa. Papa Munyakazi alituona tukifanya mazoezi ya kutembea nalo. Akasema: "Kumbe mukienda samaki zangu zitanenepa." Halafu akatupatia sambaza, wale dagaa wa Kivu, waliokauka, kwenye jani, wa kula njiani.

Usiku risasi zimenyamaza. Nilifikiri kimya kitanisaidia kulala, lakini nakisikiliza.

Mtoto wako,
Falone


Kitshanga, Jumatano tarehe 22 Juni 2022

Falone,

Usije. Kama umekwisha kufunga mzigo, fungua. Mpe Papa yako barua hii, umsomee kila mstari. Huu pia.

Asubuhi hii mama mmoja muuza mitumba alikuja kwangu nimtengenezee mkono wa koti. Anatoka Mweso. Alikuwa na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono. Alisema wiki iliyopita kaka yake alipita kwenye bariere ya juu, ile iliyo kati ya Kalembe na Mweso, na bashi imekunjwa juu ya mti, begani. Alikuwa anakwenda kuezekea choo. Walimpiga, wakamfunga, yeye dada mtu alipokwenda kumwombea wakamfunga pia, akaachiwa jana. Nikauliza kosa ni nini. Alinitazama kama anayemtazama mtoto asiyejua kitu.

"Mama Adelaïde, wale wa upande wa pili njo banabebaka vile. Bashi juu ya muti, begani, watu wawili. Wakifika kilimani wanaifungua, inakuwa posisio, kambi yao ya vita."

Mkasi ulinianguka. Mwanangu, mwaka wa 1993 bashi hazikuwepo kwetu. Zilikuja mwaka uliofuata, pamoja na wakimbizi. Sisi tulibeba mifuko ya unga yenye maandishi mekundu. Hakuna mpiganaji aliyewahi kujenga kambi kwa mifuko ya unga. Nilikutuma na hadithi yangu, sikuuliza tanga lenu ni la nini, ingawa uliniandikia waziwazi. Nilikuwa ninajitazama mwenyewe nikiwa msichana.

Kanyamibwa aliniachia barua yako na mfuko wenu jana, lakini leo ametoka hapa bila kupita kwangu kuchukua jibu, nimeambiwa tu alionekana. Ninampa barua hii dereva wa lori la makabichi linalopanda Mweso, ameahidi kumpa motari wa kwanza anayekwenda kwenu. Nimemshikisha mkono, nikamwapisha kwa jina la mama yake.

Msibebe lile turubai. Wala kwenye gunia, wala kichwani. Ninaweza kuwashonea jingine hapa, la kitambaa, lenye maua kama mkipenda. Kaeni nyumbani mpaka nijue la kufanya.

Nijibu hata neno moja.

Adelaïde


Kalembe, Jumapili tarehe 26 Juni 2022

Shangazi,

Barua yako ya Jumatano ilinifikia jana. Nimekwisha kumsomea Papa yote, na ule mstari niliouruka mara ya kwanza nimemsomea pia. Hakunipiga. Alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Mimi niko nyumbani. Thacienne hayuko.

Tuliondoka Alhamisi kama nilivyokuandikia. Mama wa soko walikuwa mbele na vikapu, sisi nyuma na tanga, na ukungu ulikuwa mwingi hata sikuona mgongo wa Thacienne vizuri, nilisikia tu mti ukinivuta. Alikuwa anaimba kwa sauti ndogo. Ukungu ulipoinuka tulikuwa tumefika chini ya kilima, na juu yake kamba imekatisha barabara. Mama wa mbele walianza kutembea polepole. Mmoja akageuka akaniambia, "Mutoto, shusha hiyo kitu." Nikajibu kwa fahari kabisa, "Hapana Mama, hii njo inatupitisha." Mungu anisamehe.

Walituona kabla ya kutusikia. Mmoja alipiga risasi hewani, mama wote wakalala chini na vikapu vyao. Sisi tulibaki tumesimama kwa sababu hatukujua kama ukilala na mzigo begani unaonekana umekimbia au umetii.

Walitupeleka pembeni. Mkubwa wao alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anakula muhindi wa kuchoma.

"Munapeleka bashi kwa nani?"

"Si bashi, Afande. Ni tanga," nikasema.

"Tanga ya nini?"

"Ya mashua. Inakamata upepo, mashua inaenda."

"Na mashua iko wapi?"

"Tutaikuta Mokoto."

Walicheka wote. Mmoja akasema, "Huyu anatembea na usukani, gari ataikuta mbele!" Nilifikiri kicheko ni kizuri, nikacheka pia kidogo. Yule mkubwa hakucheka. Alisema tulifungue.

Tukakata nyuzi, tukalitandaza barabarani. Ile saba nyeusi ikatoka. Kicheko kikaisha pale pale.

"Hii namba ni ya kikosi gani?"

Thacienne akaeleza kuwa ni ya timu. Mkubwa akamuuliza anatoka wapi, naye akasema ng'ambo, Walikale. Wakatazamana. Wakamuuliza baba yake anafanya nini, naye, kwa kuwa hajui kusema uongo, akajibu, "Anawinda." "Na bunduki gani?" "Na nyavu, Afande." Hawakuamini.

Wakatuambia tuonyeshe basi namna linavyokamata upepo. Thacienne akasimamisha mti, akaukumbatia kama mlingoti, mimi nikavuta kona kwa kamba. Juu ya kile kilima kuna upepo mkali, Shangazi, ambao hatujawahi kuupata kwenye bwawa. Tanga lilijaa mara moja, likapiga kelele, likatusukuma sote wawili mpaka miguu ikaburuzika kwenye vumbi. Hata wao walirudi nyuma. Nakuandikia hili kwa sababu niliapa kuandika yote: kwa muda mfupi nilifurahi. Nilimwona Thacienne akinitazama, naye alifurahi.

Mkubwa akainuka kwenye kiti. Akasema, "Mimi nimekulia kando ya ziwa. Mashua nazijua. Binti anaendesha tanga, hiyo sijaionaka hata siku moja."

Nikasema, "Shangazi yangu aliendesha, 1990, chini ya Sake."

"Yuko wapi?"

"Kitshanga, anashona."

Alifikiri. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Wewe njo uko na shangazi, wewe rudi. Huyu anabaki, na bashi inabaki. Huyo mama akuje hapa kwa miguu yake. Nitamuuliza ile mashindano kitu kwa kitu. Akijua, mutoto anaenda. Akinidanganya, wote wawili wanabaki. Na musinitumie mwanaume, wala mama wa kulia. Nataka mwenye aliikimbiaka." Akaongeza kwamba siku ya soko ijayo wanahama, wanaingia msituni, na hawataacha mtu nyuma.

Siku hiyo ni Alhamisi, tarehe thelathini.

Mwalimu Léopold alikwenda Ijumaa ingawa walikataza wanaume. Alirudi bila saa, bila viatu, na jicho limefungika. Walimwambia mwalimu analipwa kusema, hata hawakumuuliza swali. Papa alitaka kwenda leo, wazee wa jumuiya wakamshika. Wale mama wa soko waliporudi walisema Thacienne yuko hai, wanampikisha ugali, na usiku analala chini ya tanga letu, wamelifunga juu ya miti. Walimsalimu, alitazama chungu tu.

Shangazi, sijui nikuombe nini. Nikikuomba uje, nakuita mahali ambapo mimi mwenyewe nilikimbia niliporuhusiwa, sikugeuka nyuma hata mara moja. Nikikuomba usije, nimemwacha mara ya pili. Papa anasema wewe ni dada yake wa pekee na hataki kuandika lolote. Amesema niandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma barua kwa kuchagua.

Nimejaribu kufikiri atakachokuuliza. Labda jina la yule mwamuzi. Labda ghuba ile upepo wake unatoka wapi asubuhi. Mambo ambayo mtu hawezi kuyajua kwa kusikia tu. Nina hakika unayajua. Hakika hiyo ndiyo pekee niliyo nayo, na naishikilia sana, hata wakati wa kula.

Kanyamibwa yuko nje, hajashuka kwenye pikipiki. Amesema atakusubiri mlangoni kwako mpaka upate jibu, na chai hataki. Mama yake Thacienne ameketi kwenye kizingiti chetu tangu misa. Halii. Hajui kusoma, lakini anatazama kila mstari ninaouandika, na sasa ameniuliza karatasi inasema nini.

Nimwambie kwamba unakuja?

Falone